Mwangwini, Nchi Isiyouliza Jina

Nchi ya Mwangwini haina mfalme, haina bunge wala hakimu, na wenyeji wake hukutajia jambo hilo kabla hawajakuuliza kama umekula. Hulitaja kwa fahari, kama watu wa nchi nyingine wanavyotaja mlima wao au mto wao. Zawena binti Mrisho, mkaguzi wa mizani kutoka nchi jirani ya Kipimo, aliambiwa hivyo na kila aliyemwuliza njia, na kila mara alijibu, "Nimesikia," akauliza tena njia.

Hakwenda kutembea. Mdogo wake wa kiume, Kisali, alikuwa Mwangwini tangu mvua za vuli, na alikuwa amekwenda na maji ya mama yao.

Hapo inabidi maelezo kidogo. Katika Kipimo mashamba yote ya kahawa hunyweshwa na mfereji mmoja unaoshuka mlimani, na kila ukoo una zamu yake. Zamu huweza kuuzwa kama ng'ombe anavyouzwa, ila muuzaji hupewa nafasi ya kuikomboa hadi siku ya kusafisha mfereji, mwanzoni mwa kiangazi. Mfereji ukishasafishwa, mauzo yamekauka. Baba yao alipofariki, zamu ya ukoo iliandikwa kwa jina la Kisali, maana ndiye mwana wa kiume. Kisali akaiuza kwa jirani yao Shomvi bila kumwambia mtu, akaondoka na thamani yake. Sasa siku ya kusafisha ilikuwa inakaribia. Kama Zawena asingerudi na kile alichoondoka nacho mdogo wake, mikahawa ya Bi Mashavu, mama yao, ingebaki kutegemea mvua, na mvua ya upande ule haitoshi hata maharage.

Kwamba Kisali alikwenda Mwangwini na si kwingineko kulikuwa na sababu yake. Mchezo wa kete haukukatazwa Kipimo. Ulifungwa tu kwa masharti mengi, ambayo wenyeji huyalalamikia kila wanapokutana. Mwenye nyumba ya kete sharti ajulikane kwa sura na aweke dhamana kwa diwani, ili akishindwa kumlipa mchezaji, mchezaji alipwe kutoka kwenye dhamana ile. Mlango wa kutokea sharti uwe mpana kuliko wa kuingilia. Na mtu anayeujua udhaifu wake anaweza kwenda kwa mhunzi wa mji akavishwa bangili ya chuma isiyopita kiganjani. Nyumba ikimkaribisha mwenye bangili, inafungwa kesho yake. Halazimishwi mtu kuivaa. Kisali aliivaa kwa hiari yake mwaka ule wa msiba, na siku hiyo Bi Mashavu alichinja kuku.

Ng'ambo ya mpaka bangili ile ilikuwa chuma tu. Watu wa Kipimo walilijua hilo muda mrefu, wakalichukulia kama mtu anavyochukulia kwamba kufuli la mlango halifungi dirisha.

Fedha ya Mwangwini ni mwangwi. Kwenye mpaka kuna genge refu la mawe lenye matundu, na mbele yake wamekaa wabadilishaji. Unampa mbadilishaji mali yako, naye anakuachia tundu. Unaingiza kichwa, unatamka neno lako la siri, na mwangwi wake unabaki ndani ya jiwe. Ukitaka kulipa, unalitamka neno lile na kuutuma mwangwi kwenye tundu la mtu mwingine. Yeyote anaweza kutega sikio akasikia kwamba mwangwi umehama kutoka tundu hili kwenda lile, na jiwe halisahau hata mmoja. Ila mdomo uliotamka ni wa nani, jiwe halisemi.

Zawena alimhoji mbadilishaji mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, kabla hajampa chochote.

"Nikituma kwenye tundu silo?"

"Hutakosea, mama."

"Nikikosea?"

"Basi utakuwa umemfurahisha mtu."

"Nani?"

"Ndipo penye utamu hapo. Hatujui." Akacheka. "Kwenu mnakwenda kwa karani, karani anakwenda kwa mkubwa wake, mkubwa anatengua. Hapa hakuna wa kutengua. Kilichokwenda kimekwenda. Ni uhuru huo, mama."

"Na thamani yake?"

"Mwangwi ukivuma ni mali. Ukififia, subiri utavuma tena."

"Usipovuma?"

"Wewe ni mwalimu?" mbadilishaji aliuliza.

Wakati Zawena anakunywa kahawa moja pale gengeni, bei ya mwangwi ilipanda, ikashuka chini ya ilipokuwa, ikapanda tena nusu. Wateja waliokaa jirani walishangilia na kusonya kwa zamu. Pembeni kulikuwa na mwanamume aliyeinamia tundu, akitamka neno, akitega sikio, akitamka jingine. Alikuwa amelisahau neno lake. Alikuwa ameshamaliza majina ya watoto wake na ya wake zake, na sasa alikuwa amefika kwenye mboga.

"Bilinganya," alisema ndani ya jiwe. Akasubiri. "Bamia."

"Mwaka wa tatu huu," mbadilishaji alieleza. "Tajiri mkubwa yule."

Zawena hakubadilisha kitu.

Nyumba ya Heri, ambako Kisali aliripotiwa kuonekana, ni kubwa kuliko majengo yote ya Mwangwini, na haina msingi. Imejengwa juu ya mihimili mirefu yenye vishikio, kama jeneza la jitu, ili ikibidi ibebwe. Zawena aliuliza ikibidi nini, mlinzi akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye bahati. Milango ya kuingilia ni saba, na kwa yote hakuna anayeulizwa jina. Katika sheria chache za nchi ile, hiyo ndiyo ya kwanza: kumwuliza mgeni jina ni kumtukana. Mlango mmoja ulikuwa na zulia jekundu na msichana mwenye sinia la maji ya matunda.

"Huo ni wa nani?" Zawena aliuliza.

"Wa wageni wenye bangili za chuma," mlinzi alisema. "Hao ni wateja wetu wazuri sana. Wana subira."

Kisali alikuwa amekaa kwenye mto wa hariri, amekonda usoni na kunenepa tumboni. Alipomwona dada yake hakushtuka. Alifurahi kama mtu aliyekuwa akingoja shahidi.

"Dada Zawena! Umenifuata kama mbuzi aliyekata kamba."

"Mbuzi akikata kamba huenda kwenye majani. Mama hajambo, maana hujauliza."

"Nilikuwa nataka kuuliza." Akamshika mkono, akamgeuza kuelekea ukutani, ambako ubao mkubwa uliangaza majina ya wachezaji. Kwa kuwa majina hayaulizwi, kila mmoja hujipa lake. "Mwone Radi. Radi ni mimi. Soma mwenyewe."

Zawena alisoma. Miangwi iliyoandikwa mbele ya Radi ilikuwa mara ishirini ya ile aliyoingia nayo mdogo wake. Aliihesabu kwa kichwa, akaihesabu tena.

"Umeshinda," alisema.

"Kwa hiyo mlinisema bure."

"Hatukukusema bure. Umeuza maji ya mama. Lakini umeshinda, nakubali. Sitaki yote hayo, Kisali. Toa sehemu moja kati ya ishirini, tukakomboe zamu. Zilizobaki ukitaka kaa nazo hapa uote mizizi."

"Nimeshaomba kutoa."

"Lini?"

"Kitambo."

"Kitambo gani?"

Kisali alikunywa maji yake ya matunda. "Wanakagua," alisema. "Nyumba kubwa kama hii haiwezi kutoa ovyo ovyo. Unadhani ni genge la mihogo?"

Zawena alikuwa amezoea kazi yake. Sokoni kwao, mfanyabiashara akisema mizani yake ni sawa, mkaguzi hambishii, hupima. Akaomba kupima kete. Alitegemea kukataliwa, akakosea: Nyumba ya Heri ilikuwa na ukumbi mzima kwa ajili hiyo, wenye meza, maji ya kuelea na kikokotoo cha mbao, na bango lisemalo USITUAMINI, PIMA. Alikaa humo mchana kutwa. Alizielesha kete majini kuona kama zina upande mzito, akazirusha, akaandika, akarusha tena. Alipotoka, Kisali alikuwa akimngoja mlangoni na wenzake wawili wenye bangili.

"Haya, mkaguzi. Sema mbele ya watu."

"Kete ni za haki," Zawena alisema. "Sijaona za haki kuliko hizi."

Walishangilia. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyejiita Dhahabu, alimpigia makofi ya heshima. Kisali alimkumbatia. Alikuwa na furaha ya kweli, na Zawena alishindwa kumchukia wakati ule.

"Kwa hiyo?" Kisali alisema.

"Kwa hiyo nimepima kete. Leo sikupima kitu kingine."

Mlango wa kutokea uko nyuma ya Nyumba, na unaingia mtu mmoja akienda kimbavumbavu. Kwa mwenye mikono mitupu hauna kizuizi. Anayetaka kutoka na miangwi yake hupita kwanza kwenye dirisha la msaidizi. Wasaidizi ni wengi, hubadilishana kila baada ya muda mfupi, na wote wanaitwa Rafiki.

"Karibu sana! Naitwa Rafiki. Nikusaidie nini siku ya leo?" aliuliza Rafiki wa kwanza.

Kisali alieleza. Rafiki alisikitika, akashukuru kwa subira yake, akaomba athibitishe jina.

"Radi," Kisali alisema.

"Jina lako la kweli, mheshimiwa. La baba na la babu."

"Si nchi hii haiulizi majina?" Zawena aliuliza.

"Haiulizi kwa anayeingia, mama. Anayetoka tunamwuliza kwa usalama wake mwenyewe. Tukimlipa mwizi badala yake, utasemaje?"

Kisali alitaja jina lake, la baba na la babu. Akatakiwa kuacha alama ya dole gumba. Akatakiwa uso wake uchukuliwe kwa nta, na akalala chali huku nta ikimpoa mashavuni. Kesho yake Rafiki mwingine alisema nta ina kivuli karibu na sikio, irudiwe. Ikarudiwa. Rafiki wa tatu alitaka mchoro wa mlango wa nyumba ya kwao, uchorwe na mtu asiye ndugu. Rafiki wa nne hakujua habari za nta, akaanza na jina.

Anayengoja huwekwa kwenye kiti maalumu, na Zawena alikitazama kiti kile kwa makini ya kikazi. Kilikuwa hatua moja kutoka kwenye meza ya kete. Ubao ulikuwa mbele yake, na miangwi iliyoombwa kutolewa iliendelea kuangaza pale, mali ya mwenyewe, inayoweza kurudishwa mchezoni kwa kunyoosha mkono. Ila mkono ukigusa kete, ombi la kutoa hufutwa, na safari ya dirishani inaanza upya.

"Usiguse," Zawena alimwambia.

"Najua."

"Nasema usiguse, Kisali."

"Dada, mimi si mtoto!"

Aligusa siku hiyo hiyo. Alisema alikuwa anapoteza muda tu. Nusu ya miangwi ya Radi iliondoka, ikarudi kidogo, na ombi likafutwa. Aliomba upya. Rafiki alimshukuru kwa subira yake.

Jioni walikula mgahawani na Dhahabu na mwanamke aliyeitwa Nyota, mwenyeji wa siku nyingi. Zawena aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuishitaki nyumba yoyote. Meza nzima ilimtazama kwa huruma.

"Kushitaki wapi, mama?" Dhahabu alisema. "Kwa nani? Ninyi mliobaki Kipimo mmezoea kushikwa mkono. Mtu mzima akijikwaa, analaumu jiwe?"

"Akisukumwa je?"

"Nani amesukumwa? Wewe umesukumwa?" alimwuliza Kisali.

"Mimi nimeshinda," Kisali alisema.

Nyota alieleza kwamba yeye alikuwa na mali yake yote katika Nyumba ya Neema, iliyokuwa kilima cha pili. Siku moja wachezaji waliamka wakakuta uwanja mtupu wenye matundu ya mihimili. Nyumba ilikuwa imebebwa. Kwenye genge la mawe kila mtu alisikia miangwi yote ikihama kwa pamoja, ikivuma kama nyuki, kwenda kwenye tundu moja. Tundu la nani, hakuna ajuaye mpaka leo.

"Mlifanya nini?"

"Tulitega sikio," Nyota alisema. "Nilisikia ya kwangu kabisa. Niliijua sauti yangu."

"Na huoni haja ya sheria?"

Nyota alikasirika kidogo. "Sheria ya nini? Kosa lilikuwa langu. Nilichagua nyumba mbaya. Ningechagua hii, ningekuwa mtu. Ninyi mnataka mtu anyang'anywe uhuru kwa sababu mwenzake ni mjinga."

"Umesema kweli, Nyota," Dhahabu alisema, na wote wakaendelea kula. Chakula alilipa Zawena, kwa sarafu za Kipimo, kwa sababu wengine watatu walikuwa matajiri wa ubaoni.

Juu ya milango saba ya Nyumba ya Heri ulining'inia muhuri wa shaba, ushahidi kwamba nyumba imepewa kibali na Kisiwa cha Muhuri. Zawena alikwenda kisiwani. Ni kisiwa kidogo, chote ni ofisi moja, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja, mstaarabu, mwenye miwani na mkono wa kulia ulionenepa kuliko wa kushoto kwa kugonga mihuri.

"Nimekuja kulalamika juu ya Nyumba ya Heri," Zawena alisema.

"Ni ya kwetu hiyo?"

"Ina muhuri wenu."

"Zipo nyingi." Alitabasamu. "Wanalipa vizuri. Hatujapata lalamiko hata moja tangu tuanze."

"Hili ni la kwanza, basi."

"Kuna utaratibu. Mlalamikaji aanze kwa kulalamika kwenye nyumba yenyewe, nyumba ikiri kwa maandishi kwamba imemkosea, kisha alete ungamo hilo kwetu."

"Na akilileta?"

"Tunalipokea."

"Halafu?"

Mtu wa muhuri alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, sisi tunatoa kibali. Kusimamia ni kazi nyingine. Ukinunua kofia, fundi kofia anakuja kwako kuangalia kama una akili chini yake?"

Zawena alirudi. Alipofika, Kisali alikuwa amesimama mbele ya dirisha amevaa shati safi, maana alikuwa ameitwa. Ombi lake lilikuwa limekamilika. Miangwi ya Radi ilikuwa imepungua tena alipokuwa peke yake, lakini iliyobaki bado ilitosha kuikomboa zamu mara sita. Siku ya kusafisha mfereji ilikuwa keshokutwa, na kwa mwendo wa haraka wangewahi.

"Hongera sana!" alisema Rafiki, kijana mwenye sauti nyororo ambaye hawakuwahi kumwona. "Tumemaliza ukaguzi wako. Naomba mkono wa kushoto."

Kisali aliunyoosha. Rafiki aliishika bangili kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu.

"Hii imefuliwa wapi, mheshimiwa?"

"Kwetu. Kipimo."

"Hufuliwa kwingineko?"

"Hapana. Kwetu tu."

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa Kipimo." Rafiki alisikitika kwa moyo wote. "Masharti ya Nyumba hayawaruhusu watu wa Kipimo kucheza. Sheria za nchi yenu ni kali, nasi tunaziheshimu. Mchezo wa asiyeruhusiwa ni batili, na ushindi wa mchezo batili pia ni batili."

Ubaoni, jina la Radi lilizimika. Halikufanya kishindo chochote. Jina la chini yake lilipanda likachukua nafasi.

Kisali alibaki na mkono wake dirishani. Zawena ndiye aliyesema.

"Ana bangili hiyo tangu siku aliyoingia. Mlimpitisha kwenye zulia kwa ajili yake."

"Ni kweli, mama. Mlangoni ni utambulisho wa mteja bora."

"Na hapa?"

"Hapa ni utambulisho wa nchi."

"Masharti hayo yameandikwa wapi?"

"Hayaandikwi. Huimbwa kila alfajiri, nyuma ya Nyumba, upande wa mapipa ya taka. Anayeingia huhesabiwa kuwa ameyasikia."

Zawena alikuwa amemsikia mwimbaji huyo asubuhi kadhaa, akadhani ni mgonjwa. Aliimba kwa kasi ambayo hakuna pumzi ya binadamu ingeifuata.

"Vema," alisema. "Mchezo ni batili. Basi hata alichoweka ni batili. Mrudishieni alichoingia nacho. Ushindi kaeni nao."

Ilikuwa hoja nzuri, na katika nchi ya Kipimo ingeshinda. Rafiki aliisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Alichoingia nacho alikipoteza siku ya kwanza, mama. Aliposhinda baadaye alikuwa anacheza na miangwi aliyopewa na Nyumba. Kupoteza hakubatilishwi. Angalia genge: kilichokwenda kimekwenda."

"Tundu la nani?"

"Hilo hatuliulizi. Ni heshima yetu kwa mwenye nyumba."

"Kwa hiyo mnayo nyuso mbili za nta za mdogo wangu, dole gumba lake na ukoo wake mpaka babu, na sisi hatujui hata jina la mtu mmoja hapa."

"Rafiki," alisema Rafiki.

Kisha, kwa kuwa mteja alionekana kuumia, na Nyumba ya Heri haipendi mteja aondoke na kinyongo, Rafiki alifungua droo, akatoa miangwi hamsini ya zawadi. Haiwezi kutolewa nje, alifafanua, mpaka ichezwe mara arobaini.

Kisali aliongea kwa mara ya kwanza tangu jina la Radi lizimike. "Si umesema watu wa Kipimo hawaruhusiwi kucheza?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa hii nitaichezaje?"

"Kwa jina jingine," Rafiki alisema.

Kisali aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha, na Dhahabu na wengine wenye bangili wakageuka, wakadhani amelipwa, wakaanza kumpongeza. "Radi! Radi kafanya kweli!" walisema. Alipomaliza kucheka alijifuta macho. Mkono wake ulikuwa umeshaizunguka ile zawadi.

"Kisali," Zawena alisema. "Mfereji unasafishwa keshokutwa. Nitakuwapo. Sikukokoti, ulikuja kwa miguu yako."

"Dada, ngoja. Hamsini ni mwanzo. Ile ya kwanza niliipata kwa michache kuliko hii."

"Mimi natangulia."

Alipita kwenye mlango wa kutokea kimbavumbavu. Nje hakusimama. Alikuwa ameamua asigeuke, na hakugeuka, ingawa ilimgharimu zaidi ya mambo yote aliyoyafanya katika nchi ile. Alikuwa ameshalipita genge, na yule tajiri wa mboga aliyekuwa sasa kwenye majina ya ndege, aliposikia viatu vinaburuzwa nyuma yake. Kisali alikuja sambamba naye.

"Umeiacha?" Zawena aliuliza.

"Nimeicheza." Kisali alikuwa anatazama njia. "Haikuchukua hata muda."

Waliendelea na njia ya Kipimo.

Mfereji ulisafishwa siku yake. Watu walipanda na majembe na mapanga, wakakata magugu, wakazibua mawe, wakala ubwabwa pamoja chini ya lango la maji, na mzee wa mfereji akasoma zamu za mwaka. Zamu ya ukoo wa Mrisho ilisomwa kwa jina la Shomvi. Kuna minong'ono ilipita, kisha mzee akaendelea na ukoo unaofuata.

Watu wa Kipimo wana desturi moja ambayo wageni huiona ya kikatili, nao huiona ya haki. Aliyeuza zamu ya maji ndiye anayelifungua lango kwa ajili ya mnunuzi, kwa mkono wake, msimu wote wa kwanza, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakujua alichouza. Kwa hiyo zamu ilipofika, Kisali alishuka mferejini asubuhi, akakanyaga matope, akaushika ubao wa lango. Shomvi alikuwa amesimama ukingoni na jembe begani, hajui pa kuyaweka macho yake. Zawena alikuwapo, kwa kuwa sheria inataka ndugu mmoja ashuhudie.

Bi Mashavu naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, ambapo majani ya mikahawa yalikuwa yameanza kujikunja.

Shomvi hakuvumilia. "Bi Mashavu," alisema, "leta basi ndoo. Chota hata kumi, unyweshe ile mikahawa michanga. Maji si yanapita tu hapa?"

"Ya kunywa nachota kisimani, Shomvi," Bi Mashavu alisema. "Hayo uliyanunua mbele ya mashahidi. Ukianza kunigawia, kesho utachoka, na mimi nitakuwa nakudai kitu ambacho si changu."

"Jirani, mimi sina neno."

"Najua huna."

Kisali alikuwa ameinua ubao nusu tu. Maji yalipita chini yake kwa utepe mwembamba, yakajaa majani makavu, yakasita. Mama yake alimtazama kwa muda, jinsi anavyotazamwa mtu anayefanya kazi.

"Inua mpaka juu, mwanangu," alisema. "Unamcheleweshea mwenzio zamu yake."

Kisali aliinua mpaka juu. Maji yakashuka kwa nguvu, yakapita pembeni ya mikahawa ya Bi Mashavu bila kuigusa, yakaingia shambani kwa Shomvi.